Laki tatu na nusu za kujifunza kuserereka: nilipe au nisilipe?

Wadau, kuna sentensi moja nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Inasema: dereva alishindwa kulimudu gari, likaacha njia na kupinduka. Ukiwa ripota wa mkoani unaijua kwa kichwa kabla hujajua chumba cha mhasibu kiko wapi. Kamanda anaisema, sisi tunaichapa, mhariri anaipitisha bila kugusa hata nukta, msomaji anaisoma huku anakunywa chai. Wiki inayofuata inarudi tena, limebadilika jina la kijiji na idadi ya marehemu.

Nimeanza na hiyo kwa sababu amejitokeza mtu anayeuza dawa yake. Anaiuza hapahapa Ihumwa, na bei ni shilingi 350,000.

Kwa wasiopajua: ukitoka Dodoma mjini kushika njia ya Morogoro, ukishaiacha Nanenane unakuja kwetu, na ukisogea mbele kidogo unaikuta Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nilihamia huku kwa sababu ya kodi. Wizara zilipoanza kuhamia Mtumba mwaka 2019 wenye nyumba wa mjini walilala na bei moja wakaamka na nyingine, na mshahara wa ripota mnaujua. Ihumwa bado kuna viwanja vya wazi vikubwa, ardhi tambarare ya changarawe na vumbi, na upepo ambao ukianza mchana unabeba mpaka sufuria. Mahali kama hapo ndipo jamaa huyu alipoona biashara.

Jamaa amewahi kukimbiza magari kwenye mbio za kule kaskazini, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kushinda chochote cha maana, jambo lililonifanya nimwamini haraka. Amekodi kiwanja, ana koni za plastiki, ana Subaru ya zamani iliyokula chumvi nyingi, na anafundisha kitu anachokiita shule ya autokrosi. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, wanafunzi sita. Wateja wake ni watu wa aina yangu: umri chini ya thelathini na tano, shahada moja, IST moja ya mkopo.

Autokrosi yenyewe si kitu kigeni sana. Gari linaingia kiwanjani, linapita kwenye njia iliyopangwa kwa koni au kuchorwa kwenye udongo, na saa inapima. Marekani wanafanyia kwenye maegesho makubwa ya lami, kila dereva peke yake, na kwenye chama chao kikubwa cha mbio za magari kila koni unayoigonga inakuongezea sekunde 2. Uingereza wanafanyia kwenye majani na udongo. Majirani zetu Kenya wana mashindano ya taifa ya autokrosi, na Jamhuri Park pale Nairobi panajulikana kwa vumbi lake. Ni mchezo wa watu wa kawaida kwa maana kwamba huhitaji gari la Safari Rally. Ule ni ulimwengu mwingine kabisa: mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyomfanya Joginder Singh awe jina la nyumbani Afrika Mashariki kwa ushindi wa 1965, 1974 na 1976, na yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha. Autokrosi ni mdogo wake wa mwisho, anayecheza nyuma ya nyumba.

Lakini mwalimu wetu hauzi mchezo. Anauza usalama. "Kaka," aliniambia, "ukimaliza siku zangu mbili hutaandikwa kwenye gazeti lako." Maneno matamu. Na kwa mtu anayebeba abiria wanne kila asubuhi kwenda mjini, mmoja wao mdogo wangu wa kike, ni maneno yanayokukosesha usingizi. Kwa sababu swali linakuwa si kama nina laki tatu na nusu. Swali linakuwa: nikiwa nazo halafu nisilipe, halafu siku ikafika?

Basi nikaamua kufanya kazi yangu, yaani kuuliza.

Nilianza kwa kukumbuka nilichofundishwa nilipolipia udereva mara ya kwanza. Shule ilikuwa ya kawaida, gari lilikuwa Corolla lenye pedali mbili za breki, moja yangu moja ya mwalimu. Nilifundishwa alama za barabarani. Nilifundishwa kurudi nyuma kati ya fito, kupanda mlima kwa klachi bila kurudi nyuma, na kusimama mtu akiwa kwenye pundamilia. Nikapimwa na trafiki, nikapata daraja D. Leo leseni ni shilingi 70,000 na unakaa nayo miaka 5. Katika safari yote hiyo hakuna siku hata moja mtu aliniambia: haya, sasa kanyaga breki mpaka mwisho. Nimepewa kibali cha kuendesha kilomita 80, 90, 100 kwa saa bila kuwahi kuhisi gari linasimamaje likisimamishwa kwa nguvu zote. Hebu ulizeni wenzenu wenye magari. Waulizeni wangapi wamewahi kukanyaga breki mpaka mwisho kwa makusudi. Mimi niliuliza watu kumi na mmoja ofisini. Wawili.

Hapo mwalimu wa autokrosi ana hoja, na ni hoja nzito. Ngoja niieleze kwa hesabu kidogo, msikimbie.

Ukiwa kwenye spidi ya 50 unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Ukiwa kwenye 100 ni karibu mita 28. Hiyo kila mtu anaielewa. Kisichoeleweka ni breki. Kwenye lami kavu na matairi mazima, gari dogo lililo kwenye 50 linahitaji takriban mita 14 kusimama tangu breki ianze kushika. Lililo kwenye 100 halihitaji 28. Linahitaji takriban 56, kwa sababu spidi ikizidi mara mbili umbali wa breki unazidi mara nne. Ongeza sekunde moja ya wewe kushtuka na kuhamisha mguu. Kwenye 50 jumla ni mita 28. Kwenye 100 ni 84. Kwenye changarawe, au lami iliyopigwa na mvua ya kwanza ya Desemba baada ya miezi saba ya vumbi na mafuta ya malori, ongeza tena. Wanaolalamika trafiki wanawapiga tochi na kuwaandikia faini pale kwenye kibao cha 50 (na mimi nimo, tusidanganyane) wangepewa koni mbili, moja kwenye mita 28 na moja kwenye 84, wakaangalie kwa macho. Nimezipima kwa hatua hapa nje. Ya pili iko upande wa pili wa duka la Mangi, mbali kweli.

Halafu kuna habari ya mshiko. Siyo mshiko ule mnaoufikiria, nazungumzia tairi. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyokushikilia wewe, mdogo wako na mashoga zake watatu. Na mshiko huo una kazi tatu: kuondoka, kusimama na kukata kona. Ni kama mshahara. Ukiutumia wote kwenye kodi, chakula hakuna. Ukikanyaga breki yote huku unakata kona, tairi halina cha kukupa, na pua ya IST inaendelea mbele kama haijasikia usukani. Anayeogopa anazungusha usukani zaidi. Linazidi kwenda mbele. Kumbe anachotakiwa kufanya ni kinyume cha woga wake: aachie kidogo, anyooshe usukani kidogo, tairi lipate pumzi, ndipo akate tena. Jambo hilo unaweza kulisoma hapa mara kumi na usiliweze, kwa sababu mwili haujui kusoma. Unahitaji kiwanja.

Hata ABS. Magari mengi tunayoagiza Japani yanayo, na wengi wetu hatujawahi kuisikia ikifanya kazi. Ikifanya kazi pedali inatetemeka chini ya mguu na kunguruma kama mashine ya kusaga. Asiyejua anadhani kimekatika kitu, anaachia breki. Pale pale ambapo angebaki amekanyaga akaendelea kuongoza gari, anaachia. Na kwenye changarawe ABS inaweza hata kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lililofunga huwa linajijengea kilima kidogo cha kokoto mbele yake na ABS inakizuia kisijengeke. Watu wa Ihumwa tunatoka kwenye lami kuingia changarawe kila siku ya Mungu. Hili ni letu.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshatoa pochi.

Kisha nikaanza kusoma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sikutegemea.

Mwaka 1979 Norway waliamua kwamba dereva mpya lazima apite mafunzo ya kuendesha kwenye utelezi. Ni nchi ya barafu, hoja ilikuwa wazi kabisa, hata mimi ningeipigia kura. Tathmini iliyotoka mwaka 1988 ikaonyesha kwamba vijana wa kiume waliopita kwenye mafunzo hayo ya utelezi walipata ajali zaidi, si pungufu. Soma tena. Zaidi. Sehemu ya kuendesha usiku ilisaidia, ile ya utelezi ikaumiza.

Inakuwaje? Msweden mmoja, Nils Petter Gregersen, alifanya jaribio alilolichapisha mwaka 1996. Aliwagawa wanafunzi wa udereva makundi mawili. Kundi la kwanza lilifundishwa namna ya kufunga breki na kukwepa kwenye utelezi, wafanye mpaka waweze. Kundi la pili lilipelekwa mahali hapohapo kwa lengo tofauti: waone kwamba hawawezi, kwamba hali ikibadilika kidogo tu ujanja wao unaisha. Baadaye wote wakaulizwa wanajionaje, kisha wakapimwa. Kundi la kwanza lilijiona hodari zaidi. Kwenye kipimo hapakuwa na tofauti. Yaani walichonunua ni imani.

Na kama mtu atasema Waskandinavia ni watu wa barafu, hawatuhusu, kuna Wamarekani. Mwaka 1974 Allan Williams na Brian O'Neill walichapisha ulinganisho wa madereva wenye leseni za mashindano na madereva wa kawaida wa umri na jinsia ileile, wakiangalia rekodi zao za barabarani katika majimbo ya Florida, New York na Texas. Hawa ni watu wanaojua gari kuliko mimi na wewe na mwalimu wa Ihumwa tukiunganishwa. Kwa jumla rekodi zao za mtaani zilikuwa mbaya zaidi: makosa mengi zaidi, hasa ya mwendo kasi, na ajali nyingi zaidi. Inawezekana, bila shaka, kwamba anayependa mbio ana damu ya moto tangu tumboni na shule haihusiki. Hata hivyo ujuzi wake haukumwokoa, na hilo ndilo ninaloulizia bei.

Nilimpelekea mwalimu maswali hayo. Sifa moja ya mtu ambaye hakuwahi kushinda ni kwamba hakasiriki. Alikaa kimya, akatema ganda la karanga, akasema wanafunzi wake wengi siku ya kwanza jioni wanaondoka wamenywea, na siku ya pili jioni wanaondoka wanacheka na kuchomoka na vumbi getini. Nikamwuliza siku ya pili wanafanya nini. "Tunaweka saa," akasema.

Lishikeni hilo, nitalirudia.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kuendesha malori. Ameendesha Leyland, ameendesha Scania, amekwenda Rwanda na Kongo enzi ambazo ukitoka Dodoma kwenda Singida unaaga kama unakwenda vitani. Nilimkuta nje anatengeneza redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo gari limegoma?"

Nikamweleza habari ya shule, koni na Subaru. Alicheka sana, halafu akanyamaza akaniuliza kama huyo mwalimu anafundisha kuona. Nikasema anafundisha breki na usukani. Akasema yeye alikuwa utingo miaka minne kabla ya kupewa usukani, na katika miaka hiyo kazi yake ilikuwa kufungua turubai, kuweka gogo nyuma ya tairi na kuangalia. Dereva wake alikuwa anamwuliza njiani: yule ng'ombe atavuka au hatavuka? Lile basi nyuma linataka nini? Akikosea anapigwa kofi, ambalo silipendekezi. "Miaka thelathini na moja nimeserereka mara mbili," akasema. "Mara zote mbili nilikuwa nimekosea zamani, kabla gari halijaanza kuteleza. Kuteleza lilikuwa jibu tu."

Nimelifikiria sana neno lake nikilinganisha na ile sentensi yetu ya gazetini. Tunaposema dereva alishindwa kulimudu gari tunaandika sekunde mbili za mwisho. Hatuandiki kwamba sekunde kumi kabla yake alikuwa anaovateki malori matatu kwenye mlima. Hatuandiki tairi lilikuwa kipara. Hatuandiki alitoka Dar saa nane usiku baada ya kazi ya mchana kutwa ili awahi kikao Mtumba. Hilo la kikao, nashukuru, treni ya SGR imelipunguza tangu ilipozinduliwa rasmi Dar mpaka Dodoma Agosti 2024. Wakubwa wengi siku hizi wanalala ndani ya behewa badala ya kulala nyuma ya usukani. Lakini gari likishapinduka, yale yaliyotangulia hayana msemaji, na sisi waandishi tunaandika anachosema msemaji.

Kwa hiyo shule ya autokrosi inatibu zile sekunde mbili. Si kitu kidogo, sekunde mbili ni maisha ya mtu. Ila hatari zangu mimi za kila siku ziko wapi hasa? Nimezihesabu asubuhi moja. Bodaboda asiye na taa, anatokea kushoto. Lori limesimama nusu barabarani, alama yake ni tawi la mti. Kirikuu kinakata kwenda kushusha tofali bila kuonyesha. Watoto wa shule. Ng'ombe. Magari ya ujenzi yanayoingia na kutoka kwenye barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3 inayopita kwetu penye bandari kavu. Na kuna moja ambalo watu hawalisemi: jua. Sisi tunaokaa Ihumwa na kufanya kazi mjini, asubuhi tunakwenda magharibi na jioni tunarudi mashariki, jua liko mgongoni nyakati zote mbili. Raha. Wanaokaa mjini na kufanya kazi Mtumba wanapigwa nalo usoni kwenda na kurudi. Maana yake ni kwamba mimi namwona vizuri mtu ambaye yeye hanioni kabisa, na akiamua kuovateki saa moja na nusu asubuhi, anaovateki kwa kubahatisha. Tangu nilipogundua hilo nawasha taa asubuhi mchana kweupe, watu wananipungia kunikumbusha nimesahau kuzima. Katika orodha hiyo yote, Subaru na koni vinanisaidia kwenye mambo mawili, labda matatu. Mengine yanataka lile somo la utingo.

Na kuna matairi. Hapa ndipo nilipokuwa mkali na nafsi yangu. Kwa bei niliyotajiwa na fundi, laki tatu na nusu ni matairi mawili mapya na chenji ya soda. Nilikwenda kuchungulia ubavuni mwa yangu. Kwa wasiojua, tafuteni herufi DOT, mfuatisheni mpaka tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Ikiandikwa 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yangu mawili ya nyuma yaliuzwa kwa mwenye gari wa kabla yangu kama "mapya kutoka Japani", na yana umri wa mtoto wa darasa la pili. Tena msifanye kama mafundi wengi wanavyopenda, kuweka mapya mbele kwa sababu ndiko injini inakovutia. Ushauri wa watengenezaji ni mapya yakae nyuma, kwa sababu mbele kukiteleza gari linakwenda moja kwa moja na una nafasi ya kusimama, nyuma kukiteleza linageuka, na kulirudisha linataka ule ujuzi ambao bado hatujaulipia.

Sasa mtasema basi imekwisha, anunue matairi, awaachie watoto wa matajiri koni zao. Hapana. Nimefika mahali pengine.

Lile jaribio la Sweden halisemi usiende kiwanjani. Makundi yote mawili yalikwenda. Linasema inategemea unarudi na nini. Aliyerudi akijua kwamba kwenye changarawe na spidi ya 40 tu gari lake halimsikii, huyo atapunguza kabla ya kuacha lami. Aliyerudi akijua kwamba analiweza ataongeza. Na tofauti ya hao wawili, hapa Ihumwa, ina tarehe. Jumamosi inamtengeneza wa kwanza, Jumapili wa pili. Mwalimu mwenyewe ameiona kwa macho yake: Jumamosi jioni wamenywea, Jumapili wanachomoka na vumbi. Saa ya kupimia ndiyo inayogeuza somo. Ukishaweka saa, kila mwanafunzi anataka kumshinda mwenzake, na mpaka saa kumi jioni kila mmoja ameshaboresha muda wake na amepewa ushahidi wa maandishi kwamba yeye ni hodari.

Sina ugomvi na Jumapili kama mchezo. Kukimbiza gari kwenye koni kwa saa ni raha, na ni heri kijana afanyie pale kwenye kiwanja kitupu kuliko pale Nanenane mbele ya watembea kwa miguu. Anayelipia raha alipe, apate risiti ya raha. Ninachokataa ni kuuziwa kwa jina la usalama. Vijana wenzangu mjue hatuzungumzii kitu kidogo: kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwaka 2023, ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo muuaji namba moja wa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Si malaria, si UKIMWI. Ni sisi hawa wa IST na bodaboda. Ukimwuzia mtu wa umri huo imani na kuiita ujuzi, unamdhuru.

Kwa hiyo nilirudi kwa mwalimu na masharti matatu. La kwanza, nalipa Jumamosi tu. La pili, nafanya kwa gari langu, na matairi yangu mazee, na mizigo ya watu wanne ndani hata ikiwa mifuko ya mchanga, kwa sababu kujua mwisho wa Subaru yake hakunisaidii chochote, mimi siendi kazini na Subaru. La tatu, kila zoezi lifanywe tena baada ya kumwagwa maji, ili nione mahali nilipodhani nimeshaweza panavyoniponyoka.

Alikataa la pili kwa kuhofia nitapasua tairi kwake halafu nimwandike gazetini. Tukaandikiana karatasi kwamba tairi ni langu na gazeti halihusiki. La tatu alilipenda, akaniuliza nimelitoa wapi. La kwanza ndilo lililomuuma, maana bei yake ni ya siku mbili. Tukavutana, tukanywa soda, tukakubaliana laki moja na themanini. Inayobaki, laki moja na sabini, imeingia kwenye bahasha ya matairi, na bahasha hiyo ikifika mwisho wa mwezi ujao yatakuwa mawili, ya nyuma.

Somo la utingo nimelipata bure. Mzee amekubali kupanda kiti cha mbele siku tatu, Ihumwa mpaka mjini, aniulize maswali. Ya kofi tumeyafuta.

Rafiki yangu wa Mtumba, afisa wa wizara moja, tuliyekuwa tumepanga kwenda naye, amelipa zote mbili. Anasema amechoka na mafaili na anahitaji kitu cha kumchekesha, na hilo naliheshimu kwa sababu angalau hakuniambia ni usalama. Tumekubaliana jambo moja tu: Jumapili jioni, kurudi nyumbani, funguo za gari lake ninazo mimi.